Chumvi ya Ghalani

"Chumvi ya ghalani haikolezi mchuzi." Mmeisikia leo, wajukuu zangu, mkataka kujua ilitoka wapi. Methali hii ilianza huko Nyamsunga, kwenye chemchemi za maji ya chumvi.

Mzee Bulemo alirithi chemchemi hizo kwa baba yake, naye baba yake kwa babu yake. Alipokufa aliacha maghala saba yaliyojaa chumvi mpaka darini, na amri moja: kila mchemshaji wa maji hayo ajikung'ute nguo langoni kabla ya kwenda kwake, punje isivuke. Mrithi alikuwa Mwamini, binti yake wa pekee. Siku ya kumaliza matanga, baba yake mdogo, Sadala, angemkabidhi funguo mbele ya watu, naye angeahidi kuilinda amri ile. Mwamini alikuwa msichana mwenye haya, asiyepandisha sauti. Nani angemtilia shaka?

Desturi ya kwao, mfiwa hali cha chungu chake. Basi siku hiyo wanawake wachemshaji walimpikia kisamvu. Mwamini akatia tonge kinywani, akasita. Kisamvu kilikuwa chapwa.

Wakati huo jamaa mmoja alikuwa akimsifu marehemu. "Ndugu yetu alikula chumvi nyingi!"

"Aliila kweli," akadakia Bi Tunu, mchemshaji wa miaka thelathini. "Na ya kwetu akaila."

Sadala akafura. "Wewe bibi, huna haya msibani?"

"Haya ninayo, bwana. Chumvi ndiyo sina."

Mwamini akauliza polepole, "Mama, mlisahau kuitia?"

"Hatukusahau, mwanangu. Kwetu tunaungia majivu. Leo tuliona aibu kukulisha majivu."

Mwamini akakumbuka. Alipokuwa mdogo aliwaona wachemshaji wakijikung'uta langoni, akadhani wanacheza ngoma. Akawaiga, na baba yake akacheka mpaka machozi.

"Pokea funguo," Sadala akamnong'oneza. "Sema lango ni lile lile, yaishe."

Mwamini akazipokea. 

"Baba mdogo, lango si lile tena. Kila chumvi ikichemka, kikapu cha kwanza ni cha aliyeichemsha."

"Mali ya babu zako itayeyuka!"

"Chumvi kazi yake ni kuyeyuka, baba mdogo."

Akainuka, akafungua ghala la kwanza, akarudi na chumvi kwenye upindo wa kanga, akaitia mwenyewe katika chungu cha kisamvu. "Maghala saba," alisema, "na kisamvu chapwa! Chumvi ya ghalani haikolezi mchuzi."

Sadala aliondoka bila kula.

Kesho yake jioni Bi Tunu alifika langoni, kikapu chake cha chumvi kichwani. Kwa mazoea akasimama, akakitua, akashika ncha za kanga ajikung'ute. Mwamini akamshika mikono.

"Pita, mama."

Basi, wajukuu zangu, mkisikia mtu anasifiwa kwa alivyojaza, onjeni kwanza chungu cha waliomjazia. Chumvi ya ghalani haikolezi mchuzi.