Mgeni Aliyetoka Mashariki

Si zamani sana, kisiwa cha Vumbwe kiliitegemea kampuni moja ya ughaibuni kwa kila kitu. Hospitali, shule na benki zote ziliendeshwa kwa mtandao wake. Siku moja mjumbe wa kampuni, Bwana Harlan, alimwendea Bi Zuwena, Waziri wa Mawasiliano.

"Taarifa za raia wenu wote zihamie kwetu," alisema. "Mkikataa, jioni nazima mtandao."

Bi Zuwena alitabasamu. "Niwie radhi, Bwana, nina mgeni mwingine uani. Akicheleweshwa hupiga kelele."

"Mgeni gani?"

"Ametoka mashariki asubuhi hii. Ana ndevu."

Harlan alikunja uso. Washindani wake wakubwa walitoka mashariki. "Ana masharti gani?"

"Hana. Anapokea anachopewa, na taarifa za watu hana haja nazo."

"Basi hata sisi hatuzitaki!" Harlan alivuta mkataba uliokuwa mezani, ambao Bi Zuwena alikuwa ameuandaa mapema, akautia saini: taarifa zibaki kisiwani, na mtandao usizimwe.

Kisha akachungulia uani. Mbuzi alikuwa akitafuna majani.

"Huyu ndiye mgeni?"

"Ndiye. Ameletwa kutoka kijiji cha mashariki awe chakula chako cha mchana," alisema Bi Zuwena. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."