Mama Aliyekataa Kukaa

Ndugu zangu, kabla sijasema lolote naomba niungame. Mimi nilimpokonya mama yangu jembe. Alipokuja kuishi kwangu alitaka kulima kibustani cha mchicha nyuma ya nyumba. Nikamwambia, "Mama, umelima vya kutosha, sasa pumzika." Nikajiona mtoto mwema. Akapumzika miaka minne, na siku alipotaka kuinuka, miguu ikamkataa. Msibani kwake watu walinisifu kwamba nimemtunza. Mimi moyoni nilijua nilichofanya. Mungu anisamehe.

Sasa sikilizeni mfano.

Kulikuwa na mjane mmoja wa milimani, aliyezoea kupanda na kushuka tangu usichana wake. Mwanawe akajenga mjini, akamleta, akamnunulia kochi lake peke yake. Akishika ufagio: "Mama, kaa." Akitaka kwenda dukani kununua chumvi: "Mama, kaa." Kanisa liko hapo jirani, lakini anapelekwa kwa gari. Je, huo si upendo? Kwetu sisi ndio upendo wenyewe!

Mwaka haukwisha. Presha juu, sukari juu, miguu ikaanza kufa ganzi. Daktari akamwambia yule kijana, "Dawa anywe bila kukosa, na kila siku atembee. Akiendelea kukaa hivi, hutakuwa naye muda mrefu." Kijana akasikia habari ya dawa. Ya kutembea ikampita. Lakini mama aliisikia.

Kesho yake asubuhi akajifunga kanga kiunoni, akavaa raba za mjukuu wake, akatoka. Jirani mmoja akampigia kelele kutoka barazani:

"Bibi, mbio zote hizo, umeibiwa kuku?"

"Nimeibiwa miguu, mwanangu. Naifuata!"

Mtaa mzima ukacheka. Habari ikamfikia kijana, akarudi nyumbani amekasirika.

"Mama, unaniaibisha. Watu watasema nimekuleta mjini nikutese."

"Watu wakisema, ni midomo yao inafanya mazoezi. Niache na mimi nifanye ya miguu."

"Basi nafunga geti."

Na kweli akalifunga, funguo akatia mfukoni. Mnadhani mama alirudi kwenye kochi? Alianza kuizunguka nyumba. Kijana amekaa sebuleni anaangalia mpira, anaona kilemba cha mama kinapita dirishani. Kinapotea. Kinapita tena. Alivumilia siku tatu, ya nne akalifungua geti mwenyewe, akasema, "Mama, wewe ni mbishi." Mama akajibu, "Ndiyo. Ubishi ndio uliokulea." Akapita.

Miezi mitatu baadaye wakarudi kliniki. Kijana alikuwa na hofu, kwa sababu daktari alikwisha kumwonya. Muuguzi akampima mama, akatabasamu: presha imeshuka, sukari imeshuka, na vidole vya miguu vikiguswa vinasikia. Kijana akafurahi, akacheka, akakunja mkono wa shati. "Basi nipime na mimi, nipo hapa hapa."

Muuguzi akamfunga kile kitambaa cha presha. Akapima. Akahamia mkono wa pili, akapima tena.

"Baba, hapa umekuja na nani?"

"Nimemleta mama. Ndiye mgonjwa."

"Hapana, baba. Kwa presha hii yako, mama ndiye amekuleta wewe."

Mbona mmenyamaza? Mlikuwa mnacheka sasa hivi.

Kijana huyo ni sisi. Asubuhi tunapanda gari, mchana tunakalia kiti, jioni tunajitupa kwenye kochi, halafu kitambi kikitokea tunakipapasa na kusema Bwana amebariki. Amebariki nini hapo? Tunafunga na kuombea wagonjwa wa presha, na tukisema amina hatutembei hata hatua mia. Najua wapo watakaonong'ona nikishuka hapa, kwamba mhubiri ahubiri roho, habari za miguu awaachie wacheza mpira. Wanong'one! Mimi nimezika mama kwa sababu ya heshima ya "Mama, kaa", sitanyamaza. Sijasoma sana, lakini najua moyo ni nyama, na damu inataka kuchemshwa. Mwili tumepewa tuutumie. Anayetembea kila siku anaisaidia dawa yake, analala usingizi mzuri, hata hasira zinampungua. Haya siyo ya vijana peke yao wala ya wazungu. Ni ya mama yako, na ni yako wewe, mzee wa kanisa unayetazama saa.

Watacheka. Wacha wacheke. Bora kuchekwa barabarani kuliko kusifiwa msibani.

Ombi langu ni moja tu. Kesho asubuhi, kabla ya chai, mgongee mlango baba yako au mama yako, mshike mkono, mtembee pamoja nusu saa. Kesho kutwa mfanye hivyo tena. Tafadhali.