Ungo wa Karanga na Mkia wa Mama Kindi

Hapo zamani za kale, enzi ambazo mawingu yalikuwa bado hayajajifunza kukaa juu, palikuwa na kijiji mlimani kilichoitwa Ukunguni. Asubuhi ukungu uliingia nyumbani kwa wanyama bila kupiga hodi, ukakaa mkekani, ukanywa uji na wenyeji, halafu ukaondoka wenyewe ulipotaka.

Mnacheka? Haya, chekeni. Lakini wewe uliyeegemea nguzo, ukisinzia sikuamshi, na penye utamu patakupita.

Wanyama wa Ukunguni waliishi kama sisi. Walilima, walipika, walisengenyana kisimani. Katikati ya kijiji palikuwa na ghala la mbegu, mali ya wote, na mlinzi wake alikuwa Bwana Ngiri, yule ambaye akikimbia mkia wake husimama wima. Sheria ya ghala ilikuwa fupi: atakayetwaa cha ghala bila ruhusa, hukatwa mkia.

Basi siku moja, alfajiri imeshapita lakini jua bado linajivuta, sauti ya Ngiri ikapasuka ndani ya ukungu.

"Mwizi! Mwizi jamani! Nimemkamata!"

Puu! puu! puu! Milango ikafunguka. Aliyekamatwa ni nani? Mama Kindi, mjane, mwembamba kama kijiti. Alikuwa amechota kibaba cha karanga ghalani, akazikaanga na maganda yake kwa mchanga chunguni, na Ngiri akaifuata harufu mpaka jikoni kwake. Karanga zilikuwa bado za moto. Wanawe walikuwa wamekaa wakizingojea zipoe, hawajaonja hata moja.

Na mkia wa kindi mnaujua? Mrefu, mnene, manyoya matupu. Kwa Mama Kindi mkia ule haukuwa pambo. Nyumbani kwake hapakuwa na shuka wala blanketi. Baridi ilipoingia aliwakusanya wanawe pamoja, akawafunika kwa mkia huo, fuu, nao wakalala. Kitindamimba wake, Tunu, alikuwa hapati usingizi mpaka aushike. Ukikatwa mkia ule, watoto wale wangelala na nini?

Jirani yao alikuwa Pimbi. Mdogo, mviringo, mwepesi wa miguu na zaidi wa ulimi. Mkia hana, na ukoo wake wote hawana. Yeye aliijua baridi ya kulala bila kitu cha kujifunika, kwa hiyo aliposikia habari za kisu, roho ilimwuma kwelikweli.

Akasimama nje ya nyumba ya Mama Kindi akiwaza. Harufu ya karanga ikamjia puani, tamu, nzito, ya kulewesha. Mate yakamjaa mdomoni. Akayameza. Halafu akatabasamu, akakimbia mbio hadi kwa Jumbe Nyati.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, Pimbi. Umekuja kumtetea mwizi?"

"Hata kidogo! Nimekuja kuomba kesi isikilizwe sawasawa. Kosa ni kubwa, Jumbe. Isije ikasemwa kijiji kizima kwamba Jumbe alikata mkia wa mtu harakaharaka kabla ya uji."

Nyati akatikisa pembe. "Unataka iweje?"

"Ukae wewe mwenyewe, na Bwana Ngiri aliyemkamata, na Bwana Chui mwenye kisu. Kila mmoja aseme mpaka moyo wake utosheke. Na ushahidi uwekwe kwenye ungo, katikati yenu, karibu na kila mtu, msije mkasahau kilichoibiwa."

Nyati akaona ni maneno ya adabu. Akakubali.

Wakakaa uwanjani. Ukungu siku hiyo ulikuwa mzito ajabu. Mtu akinyoosha mkono aliuona mkono wake na ukingo wa ungo, basi. Wenzake walikuwa sauti tu, zinazotoka mahali peupe pasipo na mwisho. Mama Kindi alikaa kando, wanawe wamejificha chini ya mkia. Karanga zilikuwa unguni, na mvuke wake ukichanganyika na ukungu mpaka kijiji chote kikanukia.

Pimbi akasimama. "Jumbe, kabla hatujaanza, nina swali la kijinga. Karanga hizi ni za nani?"

"Za ghala," akasema Nyati.

"Hata zikishakaangwa?"

"Hata zikishakaangwa!"

"Na anayekatwa mkia ni aliyetwaa kibaba tu, au hata aliyetwaa moja?"

"Hata moja! Hata nusu!"

"Hata awe mkubwa?"

Nyati akakasirika. "Hata niwe mimi! Sheria haina shemeji hapa. Keti chini!"

"Nimeelewa, Jumbe. Nakaa." Na Pimbi akakaa, mikono ameikalia.

Ngiri akaanza. "Wenzangu, leo ni kibaba. Kesho kikapu. Keshokutwa naamka, naona ghala limebaki na panya na giza! Mvua ikinyesha tutapanda nini, mawe? Nasema akatwe, tena leo leo!"

Alisema kwa hasira, na hasira hukausha mdomo. Mkono wake ukatangatanga kwenye ukungu, ukagusa ungo. Kacha! Akatafuna huku anasema. Hakujiona.

"Naam," ikaja sauti ya Chui, nzito. "Mimi kisu changu nimeshakinoa. Mkia mmoja ukianguka, mikono mingi itatulia. Huruma ni ugonjwa, jamani. Ukimhurumia huyu, kesho utawahurumia wote."

Chui huyo, mnajua, alikuwa akijigamba kila siku kwamba vitu vya kumenya ni vyakula vya watoto. Kacha. Kacha kacha.

Ngiri akainua masikio. "Ni nini hicho kinacholia kacha kacha?"

"Umande, Bwana Ngiri," akajibu Pimbi upesi. "Unadondokea majani makavu. Endelea, ulikuwa unasema vizuri mno."

Ngiri akavimba kwa sifa, akaendelea. Alisema habari za babu yake aliyelinda ghala, na za baba yake aliyelinda ghala, na jinsi yeye mwenyewe anavyolala jicho moja wazi. Maneno yakawa marefu. Jua likapanda mahali fulani wasipopaona. Ukungu ukawa wa rangi ya maziwa, kisha wa rangi ya dhahabu, na sauti zikaelea humo kama za watu wanaoongea usingizini. Hata mbu walisinzia. Nawe pale nguzoni, umefuata mfano wao? Haya.

"Mama Kindi," akasema Nyati baadaye, "una la kusema?"

"Nimechukua, Jumbe. Sikatai." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wakati wa mavuno nilikuwa kitandani na homa, sikuvuna kitu. Nilimwomba Bwana Ngiri anigawie kidogo, akaniambia nisubiri kikao. Mimi ningeweza kusubiri kikao. Watoto hawakuweza."

Kacha.

"Pimbi, na wewe?"

"Mimi nasema aliiba, Jumbe. Lakini mkia wake ndio nyumba ya watoto wake. Ukiukata, unawaadhibu ambao hawakufika ghalani. Mpe jembe. Alime, arudishe kibaba na cha juu yake."

"Jembe!" Chui akacheka. "Hiyo ni adhabu au ni zawadi?"

Hapo Nyati akavuta pumzi ndefu, na alipozungumza sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nyinyi hamkumbuki mwaka wa njaa. Mimi nakumbuka. Mwaka ule kila mtu alichota ghalani kidogo kidogo, na kila mtu alihurumiwa. Mvua ilipokuja hatukuwa na mbegu. Ndama wangu wa kwanza nilimzika mimi mwenyewe, pale chini ya mteremko." Kacha. "Alikuwa ameanza tu kunijua." Kacha. "Nikaapa kwamba sheria ya ghala itakuwa kali, na atakayelia na alie." Kacha kacha. "Msidhani sina moyo, Mama Kindi. Moyo ninao, ndiyo maana ninaogopa."

Msiniulize nyati anamenyaje karanga kwa kwato. Mimi sikuwepo. Lakini alimenya, na machozi yalikuwa yakimtoka.

Pimbi aliyasikia maneno yale, akahuzunika naye. Kwa mara ya kwanza akaona kwamba Jumbe hakuwa mbaya. Lakini alibaki amekalia mikono yake, tumbo likimlia ngurrr, na hakugusa ungo.

"Nimesikia pande zote," akasema Nyati mwisho. "Sheria ni sheria. Chui, inuka. Ngiri, lete ushahidi niuoneshe kijiji, kisha tumalize."

Ngiri akapapasa ungo. Akapapasa tena.

"Jumbe... ushahidi... sioni ushahidi."

"Huoni vipi?"

"Ungo mtupu!"

"Mwizi mwingine!" akanguruma Chui. "Hapa hapa mbele yetu! Ni nani? Aonekane!"

Na hapo, wanangu, upepo ukapita. Fuuuu! Ukungu ukainuka kama pazia, ukapanda juu ya mapaa, ukaenda zake. Jua likamwagika uwanjani, pwaa!

Kila mmoja akamwona mwenzake. Ngiri alikuwa na maganda mpaka kwenye pembe zake. Chui alikuwa na maganda kwenye masharubu, na mashavu bado yamevimba. Na Jumbe Nyati, mkubwa wa kijiji, alikuwa na kilima cha maganda mapajani.

Pimbi akainuka, akainua mikono yake miwili juu, myeupe, haina hata chembe.

"Jumbe, wezi wameonekana. Bwana Chui, kisu si kimenolewa? Tuanze na mkia wa nani?"

Chui akameza kilichokuwa mdomoni, gluk, akaukumbatia mkia wake kwa mikono yote. Mkia wa Ngiri, ule unaosimama wima siku zote, ukalala taratibu, ukajificha katikati ya miguu.

"Umetutega!" Ngiri akapiga kelele. "Ewe kijitu kifupi, umetutega!"

"Mimi nimeomba ungo uwekwe katikati tu. Mikono ilikuwa yenu."

"Na wewe ulikula! Lazima ulikula!"

"Basi nikate," akasema Pimbi, akageuka, akawaonesha mgongo wake mviringo usio na kitu.

Kijiji kizima kikaangua kicheko. Kicheko kikapanda mlimani, kikarudi. Lakini kilipokuwa bado kinarudi, Tunu akachomoza kichwa chini ya mkia wa mama yake. Alikuwa amelala muda wote huo. Akauona ungo.

"Mama," akauliza, "karanga zetu zimekwisha? Zilishapoa?"

Kicheko kikakatika.

Nyati akatazama maganda mapajani mwake. Kisha akasema polepole, kama mtu anayejiambia mwenyewe: "Huyu mama alichukua kwa sababu watoto wake walikuwa na njaa, na alijua anachofanya. Mimi nilikunywa uji asubuhi. Sikuwa hata na njaa."

Aibu ikamjaa, nayo ilikuwa nzito kuliko pembe zake.

"Jumbe," akasema Pimbi kwa upole, hana mzaha tena, "hofu yako ni ya kweli. Kidogo kidogo humaliza, na ushahidi ni ungo huu. Lakini ukikata mikia yenu yote, mbegu zitarudi?"

"Hazitarudi," akasema Nyati. Akasimama, maganda yakamwagika, chwaaa. "Sikilizeni hukumu. Yeyote aliyekula leo, na aliyetwaa, atalima shamba jipya la ghala kule mteremkoni, mpaka mvua inyeshe. Mama Kindi atalima. Mimi nitalima kando yake. Ngiri, wewe ndiye utakayeng'oa visiki."

"Visiki! Jumbe, mgongo wangu..."

"Visiki! Na kuanzia leo mwenye njaa akibisha ghalani, asiambiwe asubiri kikao. Chui, hicho kisu kizuri ulichokinoa, kafyekee nyasi. Na mwite mke wangu alete uji kwa watoto hawa, chungu kizima."

Wakalima. Siku nyingi mtu aliyepita mlimani aliwaona ndani ya ukungu: pembe moja hapa, mkia mmoja pale, jembe likilia tii, tii, tii. Ngiri alinung'unika kila kisiki. Mama Kindi alilima bila kusema kitu, lakini safari hii alikuwa ameinua kichwa. Na mahali Nyati alipomzika ndama wake, karanga ziliota zikachanua maua madogo ya manjano, naye akawa anapita kuyatazama kila asubuhi.

Jioni ukungu uliporudi Ukunguni, ulichungulia nyumbani kwa Mama Kindi. Watoto walikuwa wamelala, matumbo yao yamejaa. Mkia uko juu yao. Tunu ameushika kwa mikono yote miwili. Na pembeni kabisa, chini ya ncha ya mkia ule, amejipenyeza Pimbi, anakoroma.

Hadithi yangu nimeikunja hapo, nani ataimenya tena ni shauri lake. Nanyi kumbukeni kwamba adhabu njema humwachia mkosaji kitu cha kuwafunika wanawe.