Kofia Moja ya Jelagat

Hapo zamani, redio ya betri ilipokuwa mfalme wa kila nyumba kule Molo, palikuwa na mtoto aitwaye Jelagat. Akiwa na miaka mitano, wimbo aliousikia mara moja tu aliupiga kwa gitaa la babake bila kukosea. Watu wakamwita Kasuku.

Babake, Kimutai, alikuwa mpiga gitaa wa harusi. Alipomsikia binti yake, akamkabidhi gitaa lake la pekee, naye mwenyewe hakupiga tena. Akampeleka kanisani, sokoni, kwenye harambee. Kila mahali vigelegele.

Mwalimu Nyambane wa shuleni akamfunza kutunga nyimbo. Jelagat aliimba nyimbo za kantri za Kimarekani za redioni, za farasi na jangwa.

"Farasi umemwona wapi, mwanangu?" mwalimu akauliza. "Imba baridi ya hapa. Imba ng'ombe wenu."

Akatunga wimbo wa baridi na ng'ombe, akauimba, na watu wazima wakafuta machozi.

Alipofikisha miaka kumi na mitatu, akachoka. Gitaa akalisukuma chini ya kitanda. Baba akabembeleza, mwalimu akasihi, wapi! Mwaka mzima hakuimba.

Dadake, Jemeli, hakujua kuimba hata kidogo. Yeye hakumsihi. Aliwafukuza waliokuja kumsumbua. Kisha kila asubuhi, akikamua, akawa anaimba wimbo ule wa Jelagat na kuuharibu vibaya mno. Siku moja Jelagat akashindwa kuvumilia.

"Si hivyo, Jemeli! Hebu sikiliza!"

Akauimba mpaka mwisho. Wakacheka hadi ng'ombe akashtuka, akapiga ndoo teke.

Akiwa na miaka kumi na saba Jelagat alirekodi wimbo huo, kantri yenye mdundo wa kuchezeka, ukapigwa redioni nchi nzima. Kwenye maonyesho ya kilimo Nakuru akatuzwa kofia pana ya ngozi. Mtangazaji akasema, "Mvishe aliyekufanya mwimbaji."

Wote watatu walikuwa pale mbele.

"Mama, mimi nilinyamaza ili wewe usikike," akasema baba.

"Mimi nilikuonyesha maneno yako mwenyewe," akasema mwalimu.

Jemeli akacheka huku akijifuta macho. "Mimi nilikuimbia vibaya tu."

Jelagat akaishika kofia kwa mikono miwili. Aliwapenda wote, na kofia ilikuwa moja. Akashuka jukwaani, taratibu, akiwatazama.

Basi nyinyi mliokaa hapa, kabla hajawafikia, nijibuni: ni kichwa cha nani kilichostahili kofia ile?