Ngiri Alivyompelekea Pimbi Kuni

— Hadithi ije?
— Na ije, tumeiwekea kiti!
— Ije na viatu?
— Ivue mlangoni!

Siku moja ya gulio, mwezi wa Julai, baridi ilikaza milimani. Ukungu ulikuwa mzito hata Twiga akawa anabishania bei ya skafu bila kumwona muuzaji.

Pimbi, mgane mwenye watoto sita, alikuja na mkeka aliousuka marehemu mkewe. Akaubadilisha kwa mzigo mmoja wa kuni. Usiku uliopita watoto walikuwa wametetemeka hadi asubuhi, meno ka-ka-ka.

Mara, tifu! tifu! tifu! Ngiri huyo.

"Ushuru wa baridi!" akamwambia Kanga. Akachukua kuni zake.

"Ushuru wa baridi!" akamwambia Kobe. Akachukua kuni zake.

"Ushuru wa baridi!" akamwambia Pimbi.

"Mzee Ngiri, nina watoto sita."

"Na mimi nina mbavu mbili, zote zinasikia baridi. Lete hapa, usiye na mkia!"

Akachukua.

Akazifunga zote mzigo mmoja, mkubwa kama kibanda. Akajaribu kujitwisha. Hiii! Haukuinuka. Mzigo wa kichwani mnaujua: unataka mtu wa kukutwisha na mtu wa kukutua. Kanga akatazama pembeni. Kobe akaingia gambani.

"Tutakutwisha, mzee," akasema Pimbi. "Tena nitakusindikiza, nikakutue."

"Angalau wewe una adabu."

Pimbi akawakonyeza wenzake. Wakainua kwa pamoja: hooop! Matawi yakamfunika Ngiri macho. Na shingo ya Ngiri, ninyi wenyewe mnaijua, haigeuki.

"Mbona giza?"

"Ukungu, mzee. Kata kushoto."

Tifu, tifu, tifu.

"Mbona tunapanda? Kwangu ni bondeni!"

"Tunakwepa tope, mzee. Panda tu."

Tifu... tifu... tifu...

"Bado?"

"Tumefika. Nikutue?"

"Nitue upesi, shingo inaingia tumboni!"

Pimbi akasukuma. Pooo!

Ngiri akaangaza macho. Mbele yake jabali, na katika jabali ufa mwembamba.

"Hapa kwa nani?"

"Kwangu," akajibu Pimbi, akiwa ndani tayari. "Ahsante kwa kuni."

"Nitwishe!"

"Mgongo unaniuma, mzee."

Ngiri akajaribu peke yake. Hiii! Kila alipopumzika, watoto sita walivuta kuni ndani: kwaru! kwaru! kwaru! Wazo la kuufungua mzigo na kubeba kidogo kidogo lilimjia zilipokwisha. Kanga na Kobe walipofuata zao, Pimbi aliwapa nusu. Nusu nyingine, alisema, ni nauli.

Jioni moto ukawaka, viazi vikaiva majivuni. Watoto wakauzunguka moto, wakala, wakasinzia. Upande wa ukutani, ulipokuwa mkeka, hawakukaa. Ilikuwa nafasi ya mama yao.

Pua ya Ngiri ikaingia kwenye ufa.

"Pimbi, ndugu yangu, sogeza moto huku kidogo."

"Ushuru wa joto kwanza, mzee."

Fundisho, wanangu: mwenye nguvu amsaidie mnyonge kubeba mzigo, amfikishe hadi mlangoni. Ngiri alifanya hivyo, wala hakudai shukrani.

— Hadithi yangu naitua hapa. Nani atajitwisha?
— Si sisi, shingo zinauma!