Pumzi ya Mama Theodosia

Wahenga hawakuona haya kumtaja chawa pale walipotaka kutufunza ushirika. Walisema kidole kimoja hakivunji chawa, wakiwa na maana kwamba hata kazi duni kama hiyo inataka vidole viwili, sembuse kazi ya maana. Kassian aliijua methali hii tangu shule ya msingi. Aliwahi hata kuiandikia insha na kusifiwa mbele ya darasa. Lakini kuijua methali ni jambo moja, na kuishi nayo ni jingine.

Mwalimu Jeremia alipofariki dunia, mtaa mzima wa Bombambili, pale Songea, uliinamisha kichwa. Alikuwa amefundisha muziki shuleni na kuongoza kwaya ya kanisa tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Waislamu kwa Wakristo walipitia mikononi mwake, wakiimba do-re-mi huku yeye akigonga dawati kwa rula. Alitafuna tangawizi kutwa. Mtoto aliyekosea sauti hakugombezwa, alipewa kipande cha tangawizi na kuambiwa, "Tafuna kwanza, halafu tujaribu tena." Kwenye kwaya yake hakumkataa mtu. Ndiyo maana ilikuwa na watu wenye sauti za kinanda na wengine wenye sauti za mlango usiotiwa mafuta. Hata hivyo, ilipoimba, watu walisahau kwamba misa imechelewa na ugali unapoa nyumbani.

Kassian, aliyekuwa msaidizi wake, ndiye aliyeirithi kwaya. Alirithi pia mzigo mzito. Mwalimu akiwa kitandani alitunga wimbo mmoja wa mwisho, na alikufa bila kuusikia ukiimbwa. Mjane wake, Mama Imaculata, aliomba uimbwe kwenye misa ya arobaini.

"Yeye hakuusikia," alimwambia Kassian. "Nataka niusikie kwa niaba yake."

Kassian akaapa moyoni kwamba wimbo huo utaimbwa bila doa. Hapo ndipo alipoteleza. Aliona heshima ya kumpa marehemu ni sauti bora tupu, basi akaichuja kwaya kama achujaye togwa, na waliobaki kwenye chujio akawaomba mbele ya wenzao, kwa maneno laini, wapumzike. Miongoni mwao alikuwamo Mzee Fidelisi wa besi, ambaye Kassian alisimama ubavuni mwake tangu ujana, akiamini amewekwa pale ili amsaidie mzee. Alikuwamo pia Mama Theodosia, muuza dagaa wa Nyasa, ambaye sauti yake ilikwaruzika kwa kunadi sokoni. Mama Theodosia alijifunga kitenge chake vizuri akaenda zake.

Mazoezi yalianza vizuri, sauti zikawa safi kweli kweli. Lakini wimbo uliishia kwa "amina" moja ndefu, na kila walipoifikia, ilikatika katikati kama kamba mbovu. Kassian alibembeleza, mwisho akafoka. Misa ilikuwa keshokutwa na maji yalikuwa yamemfika shingoni.

"Renatha, mbona unakata?" alimuuliza mwimbaji aliyemtegemea kuliko wote.

Renatha aliketi kwenye benchi. "Kaka Kassian, mimi nina mapafu, sina tangi. Zamani nikiishiwa pumzi, Mama Theodosia alikuwa anaishika ile sauti mpaka nirudi. Naye akiishiwa, namshikia. Marehemu ndivyo alivyotupanga, wawili wawili. Sasa nikinyamaza, nani anashika?"

Kassian alijiona akiwa kijana, kifua mbele, akiimba sauti ndefu za Mwalimu na kujidhania shujaa. Kumbe kila alipovuta pumzi, Mzee Fidelisi alikuwa pembeni yake akinguruma taratibu. Miaka yote alidhani yeye ndiye anayembeba mzee. Aliona aibu, na zaidi ya aibu, alimkumbuka Mwalimu wake.

Asubuhi iliyofuata, katika baridi ile ya Songea inayouma masikio, alimkuta Mama Theodosia uani kwake akipepeta dagaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefuata sare? Iko ndani, nimeshaifua na kuipiga pasi. Mpe huyo mliyempata."

"Hatujampata mtu, mama. Nimekuja kukuomba radhi. Wimbo umetushinda."

Mama Theodosia aliendelea kupepeta. "Sauti yangu mbaya, nalijua hilo. Hata marehemu alilijua. Ila yeye hakunitangazia mbele za watu."

"Nilikosa, mama. Nilitaka kumpamba Mwalimu, nikawafukuza watu wake."

Ungo ulitulia. Mama akauliza, "Mzee Fidelisi umeshamfuata?"

"Bado."

"Basi kimbilia huko. Hasira zangu mimi hupoa upesi. Yule mzee ataweza kuzikwa nazo."

Siku ya misa kanisa lilifurika, na majirani Waislamu waliofundishwa na Mwalimu shuleni walijaza mabenchi ya nyuma. Kwaya ilisimama nzima, sauti za kinanda na za mlango. Walipoifikia ile "amina", Renatha alivuta pumzi, na kwa kitambo kidogo ikasikika sauti ya Mama Theodosia, kavu, yenye mikwaruzo. Haikuwa nzuri, ila ilikuwa pale. Kisha Renatha akaipokea. Chini yao Mzee Fidelisi alinguruma, na mwenzake wa besi akampokea pia.

Kassian aliuacha mkono wake juu kupita kiasi cha wimbo. Aliogopa kuushusha, kwani aliona ukishuka Mwalimu naye atakuwa amekwenda kweli. Kwaya haikumlaumu. Waliendelea kupokezana pumzi, mmoja akinyamaza mwingine akishika, huku Mama Imaculata akilia na kutabasamu kwa pamoja pale mbele. Wakamngoja mwalimu wao mpya mpaka alipokuwa tayari kumuaga wa zamani, naye akaushusha mkono polepole. Hakika, kidole kimoja hakivunji chawa.