Kwa Nini Njia ya Mavumoni Haikunyooka

Enzi hizo vijiji vya Kitumbwe na Mavumoni havikuwa na njia baina yake. Kulikuwa na ufuko tu. Maji yakitoka, mtu anakata moja kwa moja juu ya mchanga, mguu mosi mguu pili, amefika. Maji yakijaa, basi tena, kila mmoja na kwao. Huko juu kwenye mwinuko, ambako leo nyinyi wageni mnapita na viatu vyenu vya kamba mkisema "lo!" kila hatua kumi, palikuwa kichaka kitupu, na hakuna aliyejua kimeficha nini.

Kitumbwe alikuwako mjane aliyeitwa Bi Mwanatumu, na duniani alikuwa na mtoto mmoja tu, Mejumaa. Mejumaa akaposwa Mavumoni. Kijana mwenyewe hakuwa na kasoro, lakini mama mtu kila akifikiria kubaki peke yake katika nyumba ile, chakula hakimshuki. Mabinti walioolewa upande ule walikuwa hawarudi. Si kwa ubaya. Una mtoto mgongoni na maji yamejaa, utapita wapi?

Na palikuwa na desturi. Anayemsindikiza mtu humwonyesha mazuri ya njiani, na yakimalizika ya kuonyesha, papo hapo huaga akarudi. Wazee waliiweka ili watu wasililiane kutwa nzima. Wanawake wengi walionyesha kisima, wakaonyesha mnazi wa mpakani, wakajifuta macho, wakarudi.

Asubuhi ya kumpeleka bibi harusi, Bi Mwanatumu akatoka na panga mkononi. Somo, yule mama aliyemfunda Mejumaa mambo ya unyumba, akashika kiuno.

"Makubwa! Panga la nini tena, shoga?"

"La kusindikizia," akajibu, akauacha ufuko na kuingia kichakani.

Akakata kulia, akamwonyesha mwanawe chemchemi ya maji matamu, hatua ishirini tu kutoka kwenye maji ya chumvi. Akakata kushoto, wakatokea kwenye jabali lenye tundu. Wimbi likipiga chini, maji yanaruka juu kwa kishindo, na Mejumaa akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Wakapanda, wakaiona ghuba yote, buluu hapa, kijani kule, mikoko imesimama majini na chaza wamegandana kwenye mizizi. Yote hayo Bi Mwanatumu mwenyewe hakuwa amewahi kuyaona. Miaka arubaini anaishi pale! Alikuwa ameingia humo kwa hofu ya kuachwa, lakini sasa alistaajabu kwelikweli, na kila alipostaajabu alikata kona nyingine.

"Mwanatumu wee, jua hilo!" somo akalalamika. "Watu wanatungoja. Wataturudisha!"

"Bado sijamaliza kuonyesha."

Walifika Mavumoni alasiri, nguo zimechanwa na miiba. Wali umepoa, waimbaji wamekauka koo. Mzee Mbaruku, baba wa bwana harusi, alikuwa amesimama mlangoni kafura.

"Bi Mwanatumu, umetuvunjia heshima," akasema. "Hakuna mama aliyewahi kusindikiza mpaka mlangoni kwa watu. Haya, kuna cha kuonyesha bado, au mtoto amefika?"

Bi Mwanatumu akatazama huku na huku. Ndani ya nyumba ile hakuwa na chochote anachokijua. "Amefika," akasema. Akamkumbatia mwanawe, akageuka aende zake.

"Baba," Mejumaa akamwita mkwewe kwa adabu, macho chini. "Mama yangu ni mgeni kwenu. Mgeni wa Mavumoni hasindikizwi?"

Mzee Mbaruku hilo hakulitegemea. "Husindikizwa," akakubali.

"Basi mimi sasa ni mtu wa hapa. Niruhusu nimsindikize."

"Wewe? Umefika sasa hivi! Utamwonyesha nini?"

"Tumekuja tukitazama mbele, baba. Upande wa nyuma hatujauona."

Mzee akajaribu kununa, akashindwa, akacheka. "Ingia kwanza uolewe, mwanangu. Mama akae nasi. Fungate ikiisha, utamsindikiza."

Siku ya nane wakaondoka wawili. Na kweli, kila kona ilikuwa mpya. Ghuba ilikuwa imegeuka rangi, jabali lilikuwa na uso mwingine, na juu ya chemchemi wakaona pango ambalo walipokuja waliligeuzia mgongo. Wakafika Kitumbwe wamechoka, wanacheka. Bi Mwanatumu akafungua mlango wake, akamkaribisha Mejumaa kama mgeni. Na mgeni, kama mnavyojua, husindikizwa.

Wakasindikizana hivyo miaka na miaka, na mwezi haukupita bila Bi Mwanatumu kula sahani moja na mwanawe. Tangu hapo njia ya Mavumoni haijaota majani, wala hakuna aliyethubutu kuinyoosha. Ndiyo maana nanyi hapa hutembezwa kwenda na kurudi, na mkifika mlangoni, hakuna anayewaaga haraka.